Karatasi ya Kukamua Mawese

Kule Swima, bamama walikamua mawese kwa miguu. Walichemsha ngazi, yaani matunda ya michikichi, wakazimwaga ndani ya mtumbwi mzee, wakakanyaga huku wakiimba. Jioni miguu ilikuwa myekundu mpaka magotini, na wimbo ulikuwa umekwisha zamani.

Ndipo fundi Isidore akawatengenezea mashini ya kukamua. Wazee wa parokia waliotoa vyuma wakaweka sharti: "Jumamosi, salongo, ile kazi ya kijiji kizima, ikiisha, tutakuja kuona. Kama bamama hawawezi kukamua bila fundi, mashini inavuka ziwa kwenda kwa watu wa Ubwari."

Na Isidore amepata kazi mjini Baraka, karibu ataondoka!

"Andika basi namna ya kukamua, Baba Isidore," akasema Mama Adolphine, mkubwa wa kikundi. "Miguu yangu imechoka kuwa mashini."

Isidore akaandika kurasa nne: majina ya vyuma kumi na tisa, na unene wa kila kimoja. Bamama wakasoma kwa heshima kubwa. Mmoja akaitikia, "Amina." Kisha wakatia ngazi mbichi.

Norbert, mume wa Adolphine, akazungusha mpini kwa nguvu zote. Mashini ikalia kama mbuzi. Ngazi moja ikaruka, ikamgonga puani.

"Mbona hamukupika?" Isidore akapiga kelele.

"Karatasi haikusema! Tulizani hii mashini iko na moto yake ndani."

Jirani yao Dorothée, anayefundisha bamama kusoma, alicheka mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani.

"Isidore, nani alikuuliza majina ya vyuma? Bamama wanataka mafuta. Andika namna ya kupata chupa moja tu ya mawese. Anza na ngazi mkononi, malizia na mafuta ndani ya chupa. Kila mustari, kazi moja. Na useme macho itaona nini, mutu ajue kama amefanya vizuri."

"Kisha?"

"Kisha mutu asome, afanye. Wewe unyamaze."

"Mimi? Ninyamaze?"

"Ndiyo kazi ngumu kuliko zote." Akampa kikombe cha maji. "Weka hii kinywani. Usimeze, usiteme."

Isidore akaandika upya, ukurasa mmoja. Kesho yake akasimama karibu na mashini, mashavu yamejaa maji, na viatu vipya vya kwendea Baraka miguuni.

Adolphine akasoma: "Pika ngazi mpaka ganda liachane na kokwa ukifinya." Akapika, akafinya. Vizuri. "Twanga kidogo. Tia ndani zikiwa bado moto. Zungusha polepole. Mafuta yakianza kutoka, pumzika kidogo, kisha zungusha tena."

Mafuta yakatoka, mekundu, mazuri, yakamwagika moja kwa moja juu ya viatu vya Isidore.

Maji yote yakamrukia Norbert usoni. "Ndoo! Ndoo iko wapi?"

"Karatasi haikusema!" bamama wakajibu pamoja.

Isidore akaketi, akachukua kalamu.

Jumamosi wazee wakamchagua Mama Anastasie wa kikundi akamue. Alikuwa mgonjwa wiki nzima, hakuwa amegusa ile mashini. Akasoma akifuata herufi kwa kidole: "Kwanza, weka ndoo chini ya mdomo wa mashini."

Akaweka. Akaendelea mstari kwa mstari. Hakumwita mtu. Mafuta yakajaa nusu ndoo, na mashini ikabaki Swima.

Mzee mmoja akatazama chini. "Fundi, viatu vyako vimepatwa na nini?"

Isidore, ambaye alijaza maji kinywani bila kuambiwa, akameza kwanza.

"Hivi, mzee? Viatu hivi ndivyo vilivyoandika mstari wa kwanza."