Pilipili ya Mama Kasoki

Boksi la Ketsia lilipasuka chini katikati ya stesheni ya Liverpool, mjini Sydney, saa mbili asubuhi, wakati kila mtu ana haraka na hakuna anayemjali mwenzake. Chupa nne zilivunjika hapo hapo. Ya tano ilidakwa na mwanamume aliyekuwa anashuka ngazi, mrefu, amevaa sare ya bluu ya manesi na raba nyeupe. Pilipili iliyomwagika ikamchafua raba zote mbili.

"Pole, aki," alisema. "Nimeokoa moja tu."

Ketsia alimtazama. Alikuwa amejifunga kitenge cha njano juu ya jinzi, kilemba kimelegea, machozi yako karibu. "Kiswahili umekitoa wapi, wewe?"

"Nyeri. Na wewe?"

"Uvira, Congo."

"Ndiyo maana hii kitu ni nyekundu hivi." Akaigeuza chupa, akaisoma lebo taratibu kama anayesoma maelezo ya dawa. "Nyanya, pilipili, kitunguu saumu, mafuta, viungo vya nyumbani. Viungo gani? Haina karanga? Karanga na mimi ni vita, madam. Nikila kidogo tu, nimekwisha. Sitanii."

Shika hapo, msomaji, maana mambo yote yalianzia hapo. Pilipili ile ilikuwa na karanga. Zilikaangwa mpaka zikaribie kuungua, zikasagwa laini kama unga wa sembe, kijiko kimoja kila chupa, na ndizo zilizowafanya watu washindwe kuiacha. Ketsia alijua vizuri sana. Lakini zamani kule kambi ya wakimbizi, kabla familia haijaletwa Australia, mama yake alimwambia jirani siri hiyo kwa upendo tu, na mwezi haukuisha jirani akawa anauza pilipili ile ile mlango wa pili. Tangu siku hiyo Mama Kasoki alimwapisha binti yake: viungo vingine taja, karanga usitaje. Hata mume wako usimwambie.

Ketsia aliangalia sakafu. "Si umesoma mwenyewe? Haina."

Kisha akamnyang'anya chupa, akacheka cheko la kuficha jambo. "Halafu nyinyi Wakenya pilipili hamuiwezi. Kanywe chai yako ya maziwa."

Mwanamume akacheka kwa moyo wote, akaomba namba ya simu ili amdai raba mpya. Jina lake Muriuki.

Mwaka ukapita, na walipendana, wallahi, walipendana. Muriuki alikuwa akipiga simu kila akitoka zamu. "Sasa, moto wangu?" "Nani moto wako, bwana? Nenda ukalale." "Nilale vipi na sijasikia ukinitukana?" Ketsia akilalamika hivi, moyoni anaungua kwa raha.

Lakini tazama alivyoishi. Muriuki akija kwao Macquarie Fields, Mama Kasoki akaandaa ugali na samaki, Ketsia aliwahi bakuli la pilipili na kulipeleka mwisho wa meza. Vijiko aliviosha mara mbili. Na yeye mwenyewe, akiwa ameila, hakumbusu mwanamume mpaka apige mswaki. Muriuki akadhani ni usafi. Alimfundisha pia kutumia sindano yake ya dharura, ya kumwokoa akila karanga, ile anayotembea nayo ndani ya koti: unaishika hivi, unaikandamiza pajani, hata juu ya suruali. Ketsia alijifunza akitetemeka, Muriuki akamcheka kwamba anaogopa sindano.

"Kwani nitakuwa mgeni mpaka lini?" alimuuliza siku moja, bakuli linapohamishwa. "Hata mtoto wa jirani anapewa."

"Mpaka ulimi wako ukomae, chéri."

Muriuki alicheka. Safari hii cheko halikufika machoni.

Wazo la safari lilikuwa la Muriuki. Sydney yote imejaa viwanda vidogo vya bia, vijana wenye ndevu wanapika bia yao wenyewe na kuiuza hapo hapo, na watu wanakunywa kutwa bila chakula cha maana. "Babe, mtu mwenye bia baridi anataka nini? Kitu kikali! Tunapakia van, siku mbili, tunaanzia Marrickville tunavuka milima mpaka ng'ambo ya Lithgow. Kila kiwanda tunaonjesha watu, tunaacha boksi, tunasonga."

"Pilipili ya wazee wangu munaipeleka kwenye pombe?" alilia Mama Kasoki, ambaye kanisani ni shemasi. Lakini aliisaga usiku na mchana, na asubuhi ya safari alimshika binti yake mkono mlangoni. "Mulomo wako," alisema. "Uchunge."

Marrickville palikuwa pamejaa. Mapipa ya chuma yaling'aa nyuma ya kaunta, harufu ya shayiri iliyochemka ikakamata koo, Ketsia kavaa gauni la kitenge lenye mabega mapana na watu wanageuka kumwangalia. Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyesukuma kigari cha mtoto. Ndani ya kigari kulikuwa na kabinti kadogo kenye buti za njano, kanatafuna kona ya kofia yake.

"Ina karanga?" mama aliuliza kwa Kiingereza chao cha haraka. "Huyu wangu hawezi kabisa."

Muriuki alikuwa amesimama pale pale. Ketsia aliangalia sakafu.

"Haina," alisema.

Mama akalipa, akaitia chupa kwenye mfuko wa kigari, akaondoka zake. Muriuki akampiga Ketsia begani kwa furaha. "Umeona? Ya kwanza hiyo!" Na Ketsia akatabasamu. Alizifuata buti zile kwa macho mpaka zikapotea nje kwenye jua.

Penrith waliuliza swali lile lile. Katoomba pia, ambako ukungu ulishuka mpaka kwenye madirisha na wakalala kwenye chumba kinachonuka kuni. Kila mahali Ketsia alijibu haina, na kila jibu lilimtoka jepesi kuliko la kwanza, na hilo ndilo lililomwogopesha.

Siku ya pili Muriuki aliendesha kuelekea Lithgow. Kisha akasema, "Watu wananiuliza naipendaje. Nawadanganya. Mwaka mzima, hata sijawahi kuonja."

"Usionje."

Alilisema kwa sauti iliyomfanya ageuke kumtazama. "Kwa nini?"

"Utalia mbele ya wazungu, utanitia haya."

"Ketsia, wewe unanionea aibu? Ama ni mimi sitoshi kwenye meza ya kwenu? Sema tu."

"Hapana, Muriuki. Kuna kitu..." Alifungua mdomo, na Mungu shahidi, neno lilikuwa limefika kwenye meno. Simu ikalia. Ilikuwa Mama Kasoki.

"Umesema?"

"Sijasema."

"Ni vizuri. Usiseme."

Alipokata, Muriuki alikuwa amewasha redio. Nitamwambia tukifika nyumbani, Ketsia alijiahidi. Kwa nini nyumbani, hata yeye hakujua. Kesho ni mahali pazuri pa kuweka jambo zito.

Kiwanda cha mwisho kilikuwa banda la zamani la kukatia kondoo manyoya, peke yake katikati ya majani makavu, maili nyingi kutoka mji wowote. Mwenyewe aliitwa Bruno, bonge la mtu, mwenye sauti ya ngurumo. Watu kama thelathini walikuwa mezani. Ndani ya bati lile simu hazishiki, kwa hiyo Mama Kasoki alipopiga tena na mlio ukakatika, Ketsia alitoka mpaka kwenye uzio kutafuta mtandao. Upepo ulikuwa unavuma. Hakusikia la mama yake. Alisikia makofi kutoka bandani.

Asichokijua ni kwamba Muriuki alikuwa amepanda juu ya benchi, amevua koti na kulitundika kwenye kiti, shati jeupe, kipande cha mkate mkononi kimejazwa pilipili nyekundu. "Mchumba wangu anasema mimi siwezi!" alikuwa anawaambia watu. "Leo naila mbele yenu, na nikimaliza nina swali la kumuuliza!"

Ketsia alifika mlangoni anahema. "Muriuki, hapana!"

Alikuwa ameshameza. Akamtabasamia, macho yanamtoka machozi, akainua mikono juu kama mshindi, na watu wakashangilia.

Kisha akajikuna shingo.

Akakohoa. Akakohoa tena. Bruno akaangua kicheko, akaleta glasi ya maziwa. Mtu mmoja alikuwa anarekodi kwa simu. Wote waliona mwanamume aliyeshindwa na pilipili, na hiyo ilikuwa burudani. Ketsia peke yake, kati ya watu wote wale, ndiye aliyejua anachokitazama.

Na alisita. Nisimsingizie wala nisimtetee. Alisita kwa muda wa pumzi moja, sauti ya mama yake sikioni, mulomo wako uchunge, na katika pumzi hiyo Muriuki alimtazama usoni, midomo inavimba, akaelewa kila kitu.

"Karanga!" Ketsia alipiga ukelele. "Ina karanga! Nipisheni! Iteni ambulensi!"

Kicheko kilikatika. Alilivamia koti. Mkono wake ukashika kiboksi kidogo cha mahameli, akakitupa bila kukiangalia, akatafuta tena, akaipata sindano. Muriuki alikuwa chini tayari, anavuta pumzi kwa mlio mwembamba wa kutisha. Ketsia akapiga magoti, akaikandamiza pajani kama alivyofundishwa, akahesabu huku analia. Ambulensi ilichukua dakika ishirini na tano. Muriuki alikuwa na sindano ya pili, na ile pia ilitumika.

Alizungumza kesho yake mchana, hospitali, sauti imekwaruza.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu stesheni?"

"Tangu stesheni."

"Na bado ulisita. Nilikuona, Ketsia." Akageuzia uso ukutani. "Enda uchukue chupa zako kabla hujaua mtu."

Ketsia aliinuka. Alichukua funguo za van, akairudia njia ile ile peke yake, kiwanda kwa kiwanda, akasema kwa kinywa chake mwenyewe: nilidanganya, ina karanga, nirudishieni. Wengine walimfokea. Mmoja alimfungulia mlango atoke, na huyo ndiye aliyemuumiza zaidi. Akiwa Katoomba alimpigia mama yake.

"Mama, nimesema."

"Umemwambia nani?"

"Kila mtu."

"Na yule kijana," Mama Kasoki aliuliza, "anapumua?"

"Anapumua, mama."

"Nipe namba yake."

Waliokuwa wamenunua walipigiwa simu mmoja mmoja, chupa zikarudi zote. Zote isipokuwa moja. Pale Marrickville hakuna aliyemjua mama mwenye kigari. Hakuacha jina wala namba. Wakabandika tangazo mlangoni. Ketsia akaanza kwenda kila Jumamosi, anakaa meza ya karibu na mlango na glasi ya maji tangu wanapofungua mpaka jioni. King'ora kikipita barabarani, anasimama. Usingizi ulimkimbia. Akifumba macho anaona buti mbili za njano zimewekwa vizuri sakafuni, hazina mtu.

Jumamosi ya nne Muriuki aliingia. Alikuwa amekonda, shingo inacheza ndani ya kola. Alikaa, akaacha kiti kimoja kati yao.

"Nani kakuambia niko hapa?"

"Mamako. Ananipigia kila siku kuomba msamaha. Jana ameniombea kwa lugha tatu, mimi niko kazini, mgonjwa ananingoja." Karibu atabasamu, akajizuia. "Bado nina hasira."

"Najua."

"Sijakuja kukuambia imeisha."

"Najua, Muriuki. Kaa tu."

Wakakaa. Saa tisa alasiri mlango ulifunguliwa, na Ketsia akasimama mpaka kiti kikaanguka. Ni yeye. Amevaa gauni jeusi mpaka chini. Yuko peke yake. Hana kigari.

Muriuki alimshika Ketsia kiwiko.

"Mtoto," Ketsia alisema. "Mtoto wako yuko wapi?"

Mama alishtuka. Akawaangalia wote wawili, akalisoma tangazo mlangoni, akarudisha macho. "Yuko nje na baba yake," alisema taratibu. "Wamemkuta mbwa, hataki kuingia."

Kupitia dirishani, kwenye kipande cha jua, buti za njano zilikuwa zinarukaruka. Ketsia alilia kwa sauti, bila haya, mpaka watu wa kaunta wakaacha kumimina.

"Chupa sikuifungua," mama aliendelea, sasa amekaa, amemshika mkono. Jina lake Jacky. "Iko juu ya kabati. Nilipokuuliza kuhusu karanga uliangalia sakafu. Nikasema moyoni, huyu dada anaogopa kitu. Nilinunua kwa huruma tu."

Jacky alipotoka kwenda kumwita mwanawe, Muriuki alimfuata kwa macho.

"Mtu wa dakika mbili ameona," alisema. "Mimi mwaka mzima, sikuona."

"Wewe ulikuwa unaangalia raba zako."

Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, kikageuka kikohozi, na Ketsia akanyanyuka kwa hofu. "Niko sawa," Muriuki alisema. "Kaa. Kuna swali nilitaka kukuuliza pale kwa Bruno. Leo siliulizi. Leo nina lingine."

"Uliza."

"Niangalie kwanza."

Akainua macho. Ilimchukua nguvu.

"Kuna kitu kingine hujaniambia?"

"Kipo," Ketsia alisema. "Siku ile, nikitafuta sindano, nilishika kwanza kiboksi cha pete. Nilikitupa. Sijui kilianguka wapi."

Muriuki aliingiza mkono mfukoni. "Bruno alikiokota chini ya pipa. Akanitumia kwa posta." Akakiweka mezani, mbele ya kile kiti kitupu kilichokuwa kati yao, hakukifungua wala hakukisogeza. Ketsia hakukiangalia. Alimwangalia yeye.