Mgeni Chini ya Ubavu

Kinyesi cha Meitamei kilitoka cheupe kama ugali. Mama yake, Naipanoi, aliipeleka nepi dirishani kuhakikisha. Mtoto alikuwa na miezi minne, macho ya njano, na chini ya ubavu wa kulia uvimbe wa ukubwa wa limao. Alipougusa, ukavuma kama mzinga wa nyuki, mchana kweupe, hapo kijijini Olmotonyi, na nyumba nzima ikanuka nyongo.

"Ulifuta mate yangu," alisema mama mkwe wake, bibi Nasieku.

Ni kweli. Siku mtoto alipoletwa nyumbani, bibi alimtemea mate ya baraka utosini, kama desturi yao, na Naipanoi akayapangusa akiogopa vijidudu.

"Uliacha mlango wazi. Jini likaingia."

Naipanoi alikuwa na kiburi chake, hakuomba radhi. Alimfunga mtoto mgongoni akashuka naye mjini hospitali, bibi akimfuata.

Daktari Evaresta, bingwa wa upasuaji wa watoto, aliwaonyesha kwenye picha mfuko uliovimba katika mfereji wa nyongo. Nyongo haishuki, alisema, ini linaharibika. Asipopasuliwa hatafika mwaka.

Asubuhi ya upasuaji mtoto alilia njaa, kwa kuwa alikatazwa kunyonya, kisha akanyamaza ghafla, na ule mvumo ukapanda, na harufu ya nyongo ikajaa pembeni mwa kitanda, na sauti ndogo ya kubembeleza ikatoka chini ya ubavu ikisema wanitoboe tu, wanikamue, waniachie ngozi yangu humu humu, nami nitatulia, hamtanisikia mpaka awe mtu mzima.

Bibi alimshika Naipanoi mkono. "Kubali, mwanangu," alinong'ona. "Limeahidi kutulia."

Naipanoi naye aliogopa. Daktari alipokuja, akamuuliza kama mfuko unaweza kutobolewa tu na kuachwa.

"Zamani walifanya hivyo. Kinachobaki kinaweza kugeuka saratani ukubwani. Mimi nautoa wote, kisha naunganisha utumbo na mfereji wa ini."

"Basi toa wote. Usimbakizie hata uzi."

"Nisimbakizie nani?"

Naipanoi alimgeukia bibi. "Koko, nilikosea kufuta. Nisamehe. Mtemee daktari mate mikononi."

Daktari aliwatazama wote wawili. "Bado sijanawa," alisema, akakinga viganja.

Saa tano zilipita. Muuguzi alitoka na chupa ya kupeleka maabara, ndani yake kipande cha nyama kilichosinyaa. Kilipopita mbele yake, Naipanoi alisikia, "Nitakaa wapi sasa?"

"Mwilini mwa mwanangu pana mwenyewe," alijibu.

Siku ya tano nepi ilikuwa na kinyesi cha njano, na bibi akalia kwa furaha.

Sasa Meitamei anatembea. Kila wanapokwenda kliniki, Naipanoi humwekea sikio ubavuni kwanza. Hajasikia kitu. Hata hivyo husema, kwa sauti ya kutosha: "Bado tupo. Jaribu tena uone."