Ukungu wa Shamba la Tezo

Haya yalimfika rafiki yangu Faris, mpiga picha wa Muyeye. Ami yake, Salmin, alikuwa akiuza shamba la Tezo. Mawe ya makaburi ya wazee aliyang'oa, mnunuzi asiyaone, na la mamake mwenyewe akalifanya kidato cha mlango wa nyumba yake. Picha za shamba alizopiga Faris zilitoka na ukungu na usamawati.

"Zisafishe, mwanangu. Mnunuzi aja leo," ami akamwambia.

Faris aliketi mle mle nyumbani kwa ami, akafunga madirisha, maana mwangaza wa nje humdanganya mtu rangi, akaanza kuupunguza ukungu kwenye kompyuta. Hapo akasikia jembe likichimba. Alipoacha, nalo likaacha.

"Ami, nani analima uani?"

"Uani ni saruji tupu! Una wazimu wewe? Safisha picha."

Akautoa ukungu wote, kisha usamawati. Pichani, mawe yalikuwa yamesimama pale pale yalipong'olewa. Mbele ya jiwe la bibi yake, mamake ami, palikuwa na kaburi wazi, udongo wake mbichi, na ukingoni makubadhi ya kahawia yamepangwa vizuri.

Mlango ukafunguliwa. Ami alisimama peku.

"Faris, umeyaona makubadhi yangu? Nimeyavua hapa, juu ya jiwe."