Mguu wa Mama Hauchuliwi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule pale Mohoro, nilichota maji, nikafagia uwanja, kisha nikakoroga uji. Asubuhi ile mama yangu, Mwanaharusi, hakuweza kuinuka kitandani kuunywa. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kuanzia pajani hadi kwenye kifundo. Jana yake tabibu wa zahanati alituonya, "Huenda damu imeganda ndani. Msiuchue kabisa. Mpelekeni Dar es Salaam akapigwe picha ya mishipa."

Bibi Mwanabaraka, mama yake baba, akaingia na chupa ya mafuta ya nyonyo. Mohoro nzima ilimjua kwa kuchua viuno vya wanawake waliojifungua na migongo ya wavuvi.

"Mimba zinamtoka kila mara, na sasa mguu!" alisema huku akikunja mikono ya gauni. "Huyu ana jini, ni mla watoto. Nipisheni nimchue, uvimbe ushuke."

Mla watoto! Hasira zilinipanda. Mama yangu aliyelia kwa kila mimba iliyotoka mpaka sauti ikamkauka, ndiye wa kuitwa hivyo? Nikasimama mbele ya kitanda.

"Nisamehe bibi, lakini humgusi. Tabibu amekataza."

"We Sihaba! Mimi niliyemzaa baba yako, nifundishwe kazi na tabibu wa juzi?"

Kelele zikamleta baba kutoka uani, alikokuwa akifunga mzigo wake wa mitumba. Akanyanyua mkono anizabe kofi. "Huna adabu!"

"Nipige, baba. Lakini mama akichuliwa akafa, nani atajibu?"

Mkono ukashuka. Baba akamtazama mama aliyekuwa akitokwa na machozi. Akaenda kutafuta gari.

Dar es Salaam, daktari alimpaka mama ute wa baridi mguuni, akapitisha kifaa cha ultrasaundi. Kwenye kioo cha mashine tuliona damu ikipita mshipani, kisha pale pajani ikakwama.

"Bonge la damu lile pale," alisema daktari. "Mngeuchua mguu, lingeng'oka likaenda mapafuni. Angeweza kufa."

Walipompima damu, daktari alitueleza kwamba kinga ya mwili wa mama imegeuka, inaigandisha damu yake ovyo, na ndiyo maana mimba zilitoka. "Hakuna jini hapo," alisema. "Kuna ugonjwa, na dawa ipo."

Tuliporudi Mohoro na dawa za mama, bibi alikuwa barazani na wanawake waliokuja kuchuliwa. Baba alimweleza yote mbele yao, kwa sauti kali ambayo sijawahi kumsikia akimtolea mama yake.

Bibi akaingia ndani alikolazwa mama. "Mkamwana, nimekukosea. Nimekuita jina baya."

Mama akageukia ukutani. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe bado nilikuwa na hasira.

Bibi akarudi barazani, macho mekundu. "Sikilizeni nyote! Mguu mmoja ukivimba ghafla, msiniletee mimi. Pelekeni hospitali, mshipa upigwe picha. Mikono yangu haioni ndani ya mwili. Na kutokwa na mimba ni ugonjwa, si uchawi. Atakayemwita mkamwana wangu mla watoto tena, ajue mimi ndiye nitakayemjibu!"