Utepe Mwekundu

"Mzigo wa vitenge umefika. Utepe mwekundu. Upokee mwenyewe."

Ujumbe uliingia kwenye Tecno ya Hyasinta saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumamosi, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda cha mama yake, Ilala. Alijua kuusoma. Vitenge ni maabara. Umefika ni umeibwa. Upokee mwenyewe ni: nenda na silaha.

Utepe mwekundu haukuhitaji tafsiri.

Alikuwa anautazama.

Chini ya kitanda, nyuma ya beseni, ilisimama chupa ndogo ya kioo yenye dawa ya kahawia. Shingoni ilizungushiwa utepe mwekundu uliokatwa kwa mkasi, na juu ya utepe iliandikwa tarehe ya Jumatatu. Mwandiko ulikuwa wa Onesphory, mdogo wake. Mtu wa maabara ni mtu wa maabara. Hata akiiba anaweka lebo.

Mama alikuwa amelala. Saratani ilikuwa imeingia mifupani tangu Februari, na kwa miezi miwili hakuna aliyelala nyumba ile. Kisha Jumanne Onesphory alikuja saa saba mchana na chupa hii. Alimpa mama vijiko viwili, akafunga mlango, akakaa naye. Mama akalala. Jumatano hivyo hivyo. Alhamisi. Ijumaa.

"Dawa ya hospitali, dada," alisema.

Hyasinta aliitia chupa mfuko wa kushoto wa jaketi. Mfuko wa kulia ulikuwa na bastola, Glock 19. Akatoka uani, akapiga simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mzee Ridhiwani, mkuu wake katika idara ya usalama, hakuwahi kupoteza neno. "Ni maabara ya Dakta Pantaleo. Ile dawa ya maumivu, ya mizizi, wanayoipima kwa panya. Leo alfajiri imetoka chupa kubwa na daftari."

"Chupa si watatengeneza nyingine?"

"Watatengeneza. Daftari ndilo lina jina la mti na namna ya kuupika. Mnunuzi ni yule mgeni anayejiita Brandt. Analipokea leo Kariakoo, Mtaa wa Kongo, na ana ndege ya jioni. Akipanda nalo, mwakani dawa ni yake, na sisi tutaiagiza kwake kwa meli. Msubiri alishike mkononi, ndipo umkamate."

"Mtu wa ndani ni nani?"

"Hatujamjua. Una wazo?"

Dirishani alimwona mama yake anapumua, mdomo wazi kidogo, kama mtoto.

"Sina, mzee."

Miaka kumi na moja kazini. Ulikuwa uongo wake wa kwanza.

*

Kariakoo ilikuwa imefurika. Mtaa wa Kongo haukuwa na pa kutia mguu. Uledi, mwenzake, alikuwa kwenye kona ya Mtaa wa Mchikichi na mikanda ishirini begani, anauza kweli.

"Mwiba, Mwiba." Sauti yake ilimwita kwa jina lake la kazi, ikikwaruza kwenye kidubwasha cha sikioni. "Kuna jamaa wa begi la kijani. Kapita kwenye mashuka, anakuja kwako."

"Yuko peke yake?"

"Peke yake. Anatembea kama katoroka na mke wa mtu."

Hyasinta hakucheka. Alikuwa ameshaiona shingo. Aliwahi kuisugua shingo ile kwa dodoki, Onesphory ana miaka minne, analia sabuni imemwingia machoni.

Begi la kijani liliingia jengo la ghorofa tatu lenye duka la vitenge chini. Hyasinta alihesabu hadi ishirini, akafuata. Mwenye duka, binti aliyeitwa Zena, alimzuia kwa rula ya mbao.

"Dada, huko juu ni stoo. Hakuna vitenge vizuri, kuna joto tu."

"Joto ndilo ninalolitafuta."

Zena aliiona Glock ilivyotuna jaketini. Akashusha rula.

"Basi pita, mama."

Stoo ilikuwa imejaa majora ya vitenge, yamepangwa hadi darini. Hyasinta alijibanza nyuma ya majora. Kupitia upenyo alimwona Brandt, mrefu, shati la kitani. Aliona mlinzi wake, Beno, bastola kiunoni. Mezani palikuwa na kizimba cha panya wanne weupe, jiko bapa la umeme la maabara na bomba pana la kioo.

Na Onesphory, anajifuta jasho.

"Daftari baadaye," alisema Brandt. Kiswahili chake kilikuwa safi mno. "Kwanza nione dawa ikifanya kazi."

Onesphory alimnyanyua panya wa kwanza, akamnywesha kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Wa pili. Wa tatu. Wa nne.

"Tusubiri nusu saa," alisema.

Walisubiri. Dakika ya ishirini na tano, Tecno ilitetemeka.

Ridhiwani: "Dakta anasema kila Jumatatu anabadilisha tepe za chupa peke yake, wapimaji wasijue ipi ni ipi. Tangu Jumatatu nyekundu ni maji, sukari iliyounguzwa na tone la kwinini. Ni chupa ya kulinganishia tu. Lakini daftari ni la kweli."

Hyasinta aliisoma mara mbili.

Mkono wake wa kushoto ulikwenda mfukoni wenyewe, ukaigusa chupa.

Michana minne ya usingizi. Maji.

"Twende," alisema Brandt.

Jiko lilifika nyuzi hamsini na tano. Onesphory alisimamisha bomba la kioo juu ya jiko, akamshusha panya ndani, akabonyeza saa.

"Asiye na dawa ataramba mguu kwenye sekunde ya sita au saba," alieleza. "Mwenye dawa atafika kumi na tisa. Akiramba tu, unamtoa hapo hapo. Hiyo ni sheria."

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

Sita. Panya aliramba mguu.

"Pole," Onesphory alimwambia panya, akamnyanyua haraka.

Wa pili, saba. Wa tatu, sita.

Brandt alifunga kizimba taratibu. "Umeniletea maji."

"Haiwezekani. Wiki iliyopita nyekundu ndiyo iliyofanya kazi, nimeona kwa macho yangu." Sauti ya Onesphory ilikatika. "Mama yangu analala. Tangu Jumanne analala."

Brandt alinyoosha mkono kwenye begi la kijani, akatoa daftari. Akamtazama Beno.

Beno alichomoa bastola.

Hyasinta alisukuma.

Majora arobaini yaliporomoka kwa pamoja. Risasi ilipiga dari. Beno alikuwa chini, vitenge hadi kidevuni, na kiatu cha Hyasinta juu ya kifundo cha mkono wake. Bastola ikateleza sakafuni.

Brandt alikuwa ngazini, daftari kifuani, anaruka vidato vitatu vitatu.

Chini mlangoni alimkuta mmachinga.

"Bosi, mkanda?" alisema Uledi. "Ngozi orijino."

Pingu zililia.

*

"Dada," alisema Onesphory.

"Mikono."

Aliitoa. "Aliniahidi kumpeleka mama India. Kwa ajili ya daftari tu." Kisha, polepole: "Ni kweli ni maji?"

"Dakta anabadilisha tepe kila Jumatatu."

"Wiki hii hatukupima. Sikujua." Aliketi sakafuni katikati ya vitenge. "Lakini alilala, dada."

"Ukishampa huwa unafanya nini?"

"Nakaa. Namshika mkono, nahesabu kwa sauti, nione atakunja uso kwenye ngapi. Mazoea ya kazini." Alifuta pua kwa bega. "Jumanne nilifika elfu moja mia mbili, nikaacha. Alikuwa anakoroma."

Hyasinta alimfunga pingu mwenyewe. Hakuzikaza.

"Saa saba inakaribia," alisema Onesphory. "Nani atakaa naye?"

"Mimi."

Akabonyeza redio. "Mzee. Daftari tunalo. Brandt tunaye. Mtu wa ndani ni Onesphory. Mdogo wangu."

"Ulijua asubuhi?"

"Nilijua."

"Utaliandika hilo kwenye ripoti, mwanangu."

"Jumatatu, mzee."

Alitoka, akafunga zipu ya jaketi, akaishika barabara ya Msimbazi kwa hatua zile zile za kila siku. Nyuma yake Land Cruiser iliyombeba Onesphory ilipiga king'ora. Hakugeuka.

*

Saa saba na robo mama alikuwa macho, shuka limekunjwa ngumini.

"Onesi yuko wapi?"

"Kasafiri kikazi, mama. Kaniachia dawa."

Vijiko viwili. Alifunga mlango. Alikaa pale mdogo wake alipokuwa akikaa, akaushika mkono wa mama, akaanza kuhesabu kwa sauti.

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

Alipofika sita, mama alikunja uso.

"Saba," alisema Hyasinta.