Chumba Alichopangiwa Mkwe

Mwili wa Mama Lenah ulikuwa umelala ubavu, blanketi limefika kidevuni, mashavu mekundu kama ya mtu aliyetoka kuota moto. Moto wenyewe ulikuwa palepale nyuma ya mlango: jiko la udongo, makaa yake yamegeuka jivu jeupe.

Inspekta Chepchumba wa upelelezi hakuhitaji kusubiri daktari amwambie kilichomuua. Ilikuwa gesi ya makaa. Kitale ina baridi ya kuuma, na haupiti mwaka bila mtu kulala na jiko asiamke.

"Ni ajali, Madam," alisema Konstebo Wekoye.

"Labda. Lakini jiko halina miguu. Nani alilileta?"

Hoteli yenyewe ilikuwa nyumba kuukuu ya mlowezi, vyumba vichache tu, na familia za kutoka Bungoma na Kimilili huja hapo likizo ili watoto walishe ndama na kunywa maziwa mpaka washibe. Mwenye hoteli, Waruguru, ndiye aliyepika na kutandika vitanda. Mumewe Gathogo alikamua ng'ombe. Hawakuwa na mfanyakazi mwingine, wala shamba la kuwalisha hoteli ikifungwa.

"Mimi siweki jiko kwa room ya mgeni," Waruguru aliapa. "Sijawahi! Mtu akilia baridi nampea blanketi ingine."

Pauline, binti ya marehemu, alikuwa na maneno mengine. "Jana nilipoenda kumwambia Mama alale salama, nilimkuta amefurahi. Akasema ati mwenye hoteli ana roho nzuri, amemwekea moto. Nikamwambia autoe. Akasema makaa yamefunikwa jivu, na nyumba hizi za zamani ziko na matundu ya hewa juu."

Mkuu wa kituo aliposikia hayo, hakutaka kusikia zaidi. Kabla ya chai ya saa nne Waruguru alikuwa amewekwa selo, akingoja kushtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Gathogo alibaki amekaa kwenye ngazi, ndoo ya maziwa mbele yake, huku wageni wengine wakifunga mizigo bila kumwangalia.

"Wakimfunga, sisi tumekwisha," alisema.

Chepchumba hakupenda kesi inayokwisha haraka hivyo. Kesi za namna hiyo humrudia mtu baadaye na kumwaibisha mahakamani. Alivaa glavu, akazunguka nyumba mpaka nyuma, akainua macho juu ya dirisha la chumba cha marehemu.

Matundu ya hewa yalikuwa yamezibwa yote kwa vipande vya gunia vilivyoshindiliwa kutoka nje. Alichomoa kimoja. Kilikuwa cheusi kwa vumbi la makaa.

"Niambie, Wekoye. Mwenye hoteli mwenye roho nzuri anamwekea mgeni moto, halafu anatoka nje kumzibia hewa?"

Wekoye alikitazama kile kipande. "Basi haya ni mauaji."

"Ni mauaji. Na muuaji hayuko selo."

Lakini nani angemuua mama mzee wa kanisa, asiye na adui hata mmoja? Chepchumba alimwita sebuleni Festus, mume wa Pauline. Pauline mwenyewe alikuwa kwenye kona akinywa chai kwa upande mmoja wa mdomo. Upande wa pili taya lilikuwa limevimba. Chepchumba alilitazama lile taya, kisha akamtazama Festus. Festus akatazama dirishani. Mtoto alipolia chumbani, Pauline aliinuka akaenda kumtuliza.

"Wewe na marehemu mlikuwa mmekosana?"

"Kukosana na mama mkwe? Madam, mimi hata mkono sijawahi kumpa. Sisi Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Nikimwona njiani, mimi napita kando."

"Jana ulimwona?"

"Kwa mbali. Yeye alikula jikoni na mwenye hoteli. Sisi tukakula hapa, stima zikiwa zimepotea."

"Halafu?"

"Nikakunywa kidogo, nikalala hii room ya mbele. Pauline alilala na watoto, mdogo ako na homa."

Simu ya Festus ililia mezani. "Ni kaka yangu, ako Bungoma."

"Pokea. Weka sauti juu."

Kwanza walisikia vilio vya wanawake, kisha sauti ya mwanamume. "Halo? Nani ako na simu ya marehemu?"

"Marehemu gani? Ni mimi, Festus."

Upande wa pili mtu alitoa ukelele. "Festus? Si umekufa, bana? Hapa tumefunga hema! Mama amezimia!"

Chepchumba aliinyakua simu. "Hapa ni polisi. Festus yuko mzima. Nani aliwaambia amekufa?"

"Shemeji yake, Kevin. Alipiga asubuhi na mapema, akasema Festus ameuawa na makaa huko hotelini."

"Mwambie mama yako, lakini Kevin asisikie. Nakuja."

Alikata simu. "Kevin ni nani?"

"Ndugu ya Pauline," Festus alisema, jasho likimtoka. "Ndiye alitulipia hii likizo. Mwenyewe alibaki Bungoma. Pauline amempigia tangu asubuhi, hapatikani."

Chepchumba alimwacha na askari, akaenda moja kwa moja hadi selo. Waruguru aliinuka haraka, macho yamevimba kwa kulia.

"Nani alipanga watu walale wapi?"

"Ni Kevin. Alilala hapa mwezi uliopita, kwa hiyo room ya nyuma. Akanipigia akasema, mamangu umpe ya mbele, shemeji yangu umpe ya nyuma."

"Mbona Mama Lenah alilala nyuma?"

"Ya mbele alikataa. Mlango yake inafungukia sebuleni, na mkwe wake ndiye anakaa hapo kuona televisheni. Akaniuliza, nitapita aje na leso mbele ya mkwe nikienda kuoga? Ya nyuma iko na bafu yake na mlango ya kutokea bustanini. Nikawabadilishia. Hata sisi Wakikuyu hiyo heshima tuko nayo."

"Kevin alijua?"

"Nani angemwambia? Ilikuwa kitu ndogo."

"Na asubuhi ulimpigia?"

"Wa kwanza kabisa, kwa sababu ndiye aliniletea hao wageni. Nilisema tu mgeni wa room ya nyuma haamki, akuje haraka. Simu ikakatika. Makaa sikutaja. Jina sikutaja."

Chepchumba alishusha pumzi. "Vumilia kidogo, Mama. Wekoye, washa gari. Bungoma."

Walipita Kimilili bila kusimama. Mlango wa bustanini ndio uliomkaa kichwani. Kevin aliuchagua kwa sababu angeweza kuingia bila kuonekana. Mama yake aliuchagua kwa sababu hiyohiyo. Chepchumba alitamani awe amekosea, na alijua hajakosea.

Boma la Mama Lenah lilikuwa nje kidogo ya mji. Kevin, kijana mrefu, alikuwa akifagia uwanja. Viti vilikuwa vimetolewa nje, na sufuria kubwa ilikuwa motoni. Alipowaona polisi hakukimbia.

"Karibuni. Najua mmekuja juu ya shemeji," alisema. Akachungulia ndani ya gari. "Mama ako wapi? Mmemwacha Kitale na dada?"

Chepchumba alifunga mlango wa gari nyuma yake. Alikuwa amewapasha watu wengi habari za misiba, lakini hakuwahi kupasha moja kama hii.

"Kevin, nani alilala chumba cha nyuma?"

"Si Festus?"

"Nani alikuambia?"

"Mwenye hoteli."

"Hakutaja jina. Wala hakutaja makaa." Chepchumba alimsogelea. "Festus yuko hai. Nimeongea naye leo."

Ufagio ulimponyoka Kevin mkononi.

"Chumba cha mbele kinafungukia sebuleni. Mama yako hangeweza kupita mbele ya mkwe. Akaomba cha nyuma."

"Hapana." Kevin alimgeukia Wekoye, kama kwamba yeye, Mbukusu mwenzake, angekataa maneno hayo. "Mimi nilisema Mama apewe ya mbele. Ya mbele, bana! Muulizeni huyo mwenye hoteli!"

Wekoye alitoa pingu.

Kevin alikaa chini mavumbini. Chepchumba alimweleza kwamba ana haki ya kunyamaza, na lolote atakalosema litaandikwa. Hakunyamaza.

"Niliingia wakiwa wanakula. Kulikuwa giza, na tochi niliogopa kuwasha. Niliweka jiko nyuma ya mlango, nikaziba matundu, nikarudi huku usiku huohuo. Festus akilewa haoni kitu. Nilijua hataona jiko."

"Kwa nini?"

"Anapiga dada yangu! Mwaka jana alimvunja mkono. Wiki hii ni taya. Tulikaa na wazee, wakamrudisha kwake. Nikamlilia Mama aongee na mkwe wake. Akasema haiwezekani, mama mkwe hamkaripii mkwe, ni aibu, tuombe Mungu. Nikaona hakuna mtu wa kumzuia. Ni mimi tu."

Chepchumba alipiga simu kituoni. "Mfungulieni Waruguru sasa hivi, na mumwombe msamaha mbele ya mumewe. Huyo Festus abaki hapo. Kuna taya la mtu nataka anieleze."

Kisha akaichukua simu ya Kevin kama kielelezo, akaiwasha. Haikukaa hata kidogo, ikalia. Ilikuwa Pauline. Kevin, pingu mikononi, alimtazama Inspekta, na Inspekta, ambaye hakuwa na sababu ya kisheria ya kufanya hivyo, akaipokea na kumwekea sikioni.

Sauti ya Pauline ilisikika mpaka kwenye gari.

"Kevin! Umekuwa wapi tangu asubuhi? Mama ametuacha, Kevin. Njoo unichukue, mimi huyu mtu sirudi kwake tena. Nilikuwa na nyinyi wawili tu. Sasa nimebaki na wewe peke yako."

Pauline aliendelea kumwita kwa jina.