Mishipa Midogo ya Mzee Malimi

"Mtu aliyezibuliwa mshipa wa moyo anaumwa nini tena?" Ndivyo jirani wa Mzee Malimi mtaani Kiseke, Mama Shamsia, alivyowahi kumuuliza.

Mzee Malimi alicheka. "Muulize mke wangu anayenilea kama yai!"

Malimi alikuwa fundi wa mitumbwi. Alipata shambulio la moyo, hospitalini wakamzibua mshipa. Tangu swali lile alijihesabu mzima, akarudi kazini. Kila asubuhi binti yake Dorcas, wa darasa la sita, alifagia uwanja huku akimchunga kwa jicho la pembeni. Asubuhi moja baba alinyanyua ubao, akauweka chini, akashika kifua.

"Baba, kinabana tena?"

"Nyamaza, mama yako asisikie. Kesho tunashusha mtumbwi wa Masele ziwani, na bega la kwanza ni la fundi. Nisipotia bega, nani ataniita fundi?"

Uji ulimshinda Dorcas. Akisema, atamwaibisha baba. Akinyamaza, je, baba akianguka majini? Alisali, moyo wake usitulie.

Siku hiyo hiyo alimsindikiza baba kliniki, maana ilikuwa zamu yake ya kupimwa.

"Shikamoo mzee. Kifua kinaendeleaje?" aliuliza Daktari Fadhila.

"Marahaba, mwanangu. Salama kabisa! Kesho nasukuma mtumbwi."

Dorcas alikunja pindo la sketi, akalikunjua, akalikunja tena. "Si salama," alisema. "Akinyanyua ubao, kinambana. Nisamehe, baba."

"Dorcas!"

"Mwache, mzee," alisema daktari. "Si umeona mvua ikibomoa vijia vya mlimani? Barabara ya lami inapitika, lakini muuza maji hawezi kumfikia anayekaa juu kwenye mawe. Mshipa wako mkubwa umefunguka. Ila ndani ya nyama ya moyo ipo midogo, myembamba kuliko unywele. Iliumia siku ile ya shambulio, na mingine bado haipitishi damu vizuri. Ukikaa, damu inatosha. Ukisukuma mtumbwi, moyo unadai zaidi na haupati."

"Kwa hiyo mlinizibua bure?"

"Bure? Ungekuwa kaburini! Dawa zipo, na mazoezi ya taratibu yapo. Lakini siwezi kutibu nisichoambiwa."

"Na Masele je?"

"Masele ana mabega mawili."

Kisha daktari akamgeukia Dorcas. "Kumheshimu mzazi si kumfichia ugonjwa, mwanangu. Kusema kweli kama ulivyosema leo ndiyo heshima yenyewe, na Mungu anaipenda."

Nesi aliita kutoka chumba cha kupimia moyo. Mzee Malimi alimtazama binti yake, akavua kofia, akampa aishike, akaenda kupimwa.